Hatua Nne Hadi Sandukuni

Alhamisi, saa moja kasorobo asubuhi, Bi Ghaniya alitia kikapuni chupa ya chai ya maziwa, mikate mitatu ya kumimina, tende na soksi za akiba, akaenda kupiga kura.

Kura ilikuwa ya kumchagua wakili wa falaji, ule mfereji unaotoka mlimani na kugawa maji kwa zamu katika mashamba ya kijiji, upande huu wa Ibra, Omani. Zamani kura ilikuwa hiari, na mlango uliachwa wazi siku tatu. Mwaka huu Khalaf, aliyekuwa wakili kwa miaka kumi na sita, alibandika tangazo. Kura ni lazima kwa kila mwenye zamu. Asiyepiga atakosa maji kiangazi chote. Mlango utakuwa wazi siku moja tu, saa moja asubuhi hadi saa kumi na moja jioni, ili kuokoa umeme.

Kura hupigwa ndani ya sabla, baraza la kijiji. Kutoka mlangoni hadi sandukuni ni hatua nne kwa mtu ambaye babu yake kazikwa hapa. Kwa waliorudi kutoka Unguja na Pemba chumba hurefuka. Bi Ghaniya, ambaye babu yake kalala makaburini Mwanakwerekwe, Unguja, hutembea siku moja na nusu. Imekuwa hivyo tangu waliporudi mwaka sabini na nne, na hakuna aliyeona ni jambo la kuzungumzwa. Watu husema tu kwamba kwa wale ni mbali kidogo.

Wiki moja kabla alikwenda nyumbani kwa Khalaf.

"Nifungulie Jumatano, mwanangu."

"Khalti, nikikufungulia wewe Jumatano, kila mtu atataka Jumatano."

"Kila mtu hana haja nayo."

"Basi huo ni upendeleo. Mlango mmoja, sanduku moja, hatua nne. Sheria haimjui mtu."

"Wewe inakujua."

Khalaf alicheka, akammiminia kahawa, maana mgeni ni mgeni.

Binti wa Bi Ghaniya, Lamees, anayefanya kazi ofisini Nizwa, alimletea viatu vya mazoezi. "Mama, khalas, acha tu. Njoo ukae na mimi."

"Na mitende niitie mkobani?"

Mitende ilikuwa kumi na miwili. Marehemu mumewe aliipanda wakati dukani bado walikuwa wakiitwa Wazinjibari, na wao walidhani miche ikikua jina litakwisha. Zamu yao ya maji ni nusu saa kila siku ya nane. Kiangazi kimoja bila ya nusu saa hiyo, mtende ni kuni.

Alhamisi hiyo, mlangoni mwa sabla, karani Marwan, mtu mzima mwenye ndevu nyeupe, alimpa karatasi. Khalaf alikuwa ameingia mbele yake na kutoka, kikombe chake bado kikifuka moshi. Bi Ghaniya alisema bismillahi, akaingia.

Alitembea juu ya vigae vyeupe. Kiyoyozi kilidondosha maji mahali fulani mbele, na kila alipokaribia kilikuwa mbele zaidi. Adhuhuri alipita jagi ambalo kamati huliweka njiani kwa huruma. Lilikuwa tupu. Baada ya kusali alimkuta Mzee Tuwaini, mtu wa Wete, amekaa chini akisugua goti. Aliingia kupiga kura miaka minne iliyopita.

"Shikamoo, Mzee Tuwaini."

"Marahaba, Bi Ghaniya. Huu uchaguzi ule ule?"

"Mwingine."

"Wagombea?"

"Ndio hao hao."

Mzee Tuwaini aliifungua karatasi yake, akaisoma, akaikunja. "Basi sijachelewa."

Bi Ghaniya alimpa mkate mmoja na tende. Mzee akauliza nje wamemwandika nini daftarini.

"Hakushiriki."

"Miaka minne natembea," alisema Mzee Tuwaini huku akitafuna. "Hakushiriki."

Saa kumi na moja Bi Ghaniya alisikia ufunguo ukizungushwa, karibu sana, kama nyuma ya sikio. Taa ziliendelea kuwaka. Umeme uliookolewa haukujulikana ni upi. Angeweza kugeuka. Kurudi mlangoni ni hatua nne kwa kila mtu, hapo chumba hakibagui. Alibadilisha soksi, akaendelea.

Alifika sandukuni Ijumaa baada ya alasiri. Marwan alikuwa akikunja meza. Khalaf alikwishashinda, kura mia mbili na kumi na mbili kati ya mia mbili na kumi na mbili.

"Mama, kura zimeshahesabiwa," alisema Marwan.

"Basi sanduku lina nafasi."

Alitumbukiza karatasi. Marwan, mtu wa adabu, alingoja mpaka mkono wake ulipotoka, akaitoa karatasi, akamrudishia ili hesabu isiharibike. Kisha akamgeuzia daftari la wasioshiriki.

"Tia saini hapa, kwamba hukuja."

"Nani atie?"

"Wewe."

"Nimekuja?"

"Ni utaratibu tu, mama."

Bi Ghaniya hakutia. Marwan hakukasirika. Alisaini kwa niaba yake, kama anavyomsainia Mzee Tuwaini, akamfungulia mlango.

Lamees alikuwa akingoja nje. Walikwenda shambani. Lango la mfereji wao lilikuwa limezibwa kwa jiwe na matambara, na nusu saa yao ilikuwa ikipita mbele yao kuelekea kwa Khalaf, kwani maji ya wasioshiriki hupewa wakili, hayawezi kuachwa bure.

Lamees aliinama kulishika jiwe.

"Liache," alisema mama yake. "Litarudishwa kubwa zaidi."

Alikaa ukingoni, akavua viatu na soksi taratibu, maana malengelenge yalikuwa yameshika kitambaa. Akatia miguu yote miwili ndani ya maji ya Khalaf. Hilo lilikuwa bado halijapigiwa kura.