Mkono Chini ya Shuka

Siku hiyo, kwa mara ya kwanza tangu aingie shule ya bweni, Liban hakuwa na hatia, na jambo hilo lilimnyima raha kabisa. Yeye aliyewahi kuficha kengele ya shule na kuchanganya viatu vyote mlangoni pa msikiti alizoea kuitwa ofisini kwa haki. Leo aliitwa kwa kudhaniwa tu kwamba ndiye anayemfundisha Ayanle jeuri. Alikaa kwenye benchi la ofisi.

Kesi yenyewe ilikuwa nzito. Ayanle, wa kidato cha kwanza, hakutii matangazo ya paredi. Jumatatu waliambiwa waanike magodoro juani, kisha wafagie bweni, kisha wakutane jikoni. Yeye alibeba godoro hadi jikoni. Naibu mkuu wa shule, Mwalimu Musyoka, alikwisha kuamua: asipojieleza leo, anarudi nyumbani, na harudi tena. Ndiyo maana baba yake, Abdihafid, dalali wa ngamia, alikuwa ameacha soko la mifugo kabla halijachangamka, akaja kuketi ofisini kando ya mwanawe.

Mwalimu aliuliza swali refu lenye vituo vitatu na mchepuko mmoja.

"Ndiyo, mwalimu," Ayanle akaitikia.

"Kwa hiyo unakubali kwamba unanidharau?"

"Ndiyo, mwalimu."

Liban alijiuma shavu asicheke. Kisha akauona uso wa Ayanle. Mtu mwenye dharau hatoki jasho namna ile.

Hapo shuka iliyoning'inia begani mwa mzee ikatikisika. Baba na mwana walikuwa wameshikana mikono chini yake. Mwalimu Musyoka, mtu wa Machakos aliyekwisha kunasa simu nyingi pale shuleni, akasimama.

"Toeni hiyo simu."

Mzee akafunua. Palikuwa na mikono miwili tu, kidole kimoja cha mtoto kimebanwa.

Abdihafid akaeleza kwa Kiswahili chake cha sokoni. Madalali wa ngamia hawatangazi bei katika kelele zile. Hubanana vidole chini ya shuka, ombi moja, jibu moja, na la pili halitolewi kabla la kwanza halijajibiwa. Nyumbani humtuma Ayanle hivyo hivyo, jambo moja moja.

"Maalim, huyu hata Kisomali ukimwaga yote, inapotea," alisema. "Masikio iko mzima. Mpe moja. Ngoja."

Kungoja hakukuwa kipaji cha Mwalimu Musyoka, lakini aliketi.

"Jumatatu, ulinisikia?"

"Nilisikia."

"Ulielewa?"

Ayanle akakitazama kidole chake. Mwalimu akafungua kinywa. Liban, ambaye hajawahi kunyamazishwa na yeyote, akamtikisia kichwa naibu mkuu mzima wa shule, kosa ambalo kwa kawaida huzaa wiki nzima ya kuosha vyoo. Kinywa kikafungwa.

"Godoro nilielewa," Ayanle akasema. "Jikoni nilielewa. Katikati ilipotea."

"Mbona hukuuliza?"

Safari hii Ayanle alimtupia Liban jicho kwanza.

"Wanacheka."

Liban akatazama sakafu. Kicheko kile yeye ndiye huwa wa kwanza kukiwasha.

Mwalimu akasafisha koo, akatoa uamuzi: kwamba kwa kuzingatia maelezo ya mzazi, na kwa kuwa walimu wote wataarifiwa wakate matangazo vipande vipande, na Liban asimame karibu na Ayanle paredi amrudilie kila kipande, bila mzaha, basi ofisi hii…

Ayanle akainua mkono.

"Sijaelewa, mwalimu."

Hakuna aliyecheka. Mwalimu akavuta pumzi, akameza hotuba yote, akabakiza neno moja.

"Unabaki."

Ayanle akangoja, huenda kuna la pili. Halikuja. Ndipo akatabasamu.