Kikapu cha Ghorofa ya Nne

Vita vilipoingia Kuwait, wenzake Metwalli walirudi Misri na majokofu juu ya magari, wengine na dhahabu iliyoshonewa ndani ya nguo za wake zao. Yeye, mume wangu, alifika Mansura na shati alilolivaa na mfuko mmoja. Nikaupokea mlangoni. Ulikuwa mzito, nikaingiwa na tamaa. Nikaufungua. Kaseti tu.

"Na televisheni?" nikamuuliza.

"Imebaki."

"Na vile vikombe nilivyokuagiza?"

"Vimebaki. Na kompyuta nayo imebaki, Tafida, kwa hiyo usiniongezee."

Kilichomuuma ni hiyo kompyuta, vikombe hata hakuvikumbuka. Ilikuwa kibodi nene yenye herufi za Kiarabu, unaichomeka kwenye televisheni, na programu zake zinakaa kwenye kaseti hizi hizi za nyimbo. Ukiisikiliza kaseti ya namna hiyo kwa redio inalia kama paka aliyebanwa na mlango. Mchana Metwalli alikuwa karani wa ghala la nyama ya baridi, jioni alikuwa mtunzi wa michezo ya kompyuta. Alikaa nayo miezi kumi na mmoja kila mwaka, na mimi mwezi mmoja. Mke mkubwa ni nani hapo, semeni wenyewe.

Baada ya vita hakununua nyingine. Mfuko ukaingia chini ya kitanda, na yeye, miaka kumi na mmoja iliyopita, akaingia kaburini. Mimi nikabaki na swali moja ambalo sikupata kumuuliza, kwa sababu kumuuliza kulikuwa sawa na kukiri. Mwaka wa themanini na saba nilimfanyia hila ndani ya mchezo wake mmoja. Sikujua kama aliigundua.

Mwaka huu binti yangu Abir alikuja kusafisha nyumba, yaani kutupa vitu vyangu. Akaupiga picha ule mfuko, akaiweka kwenye mtandao kuuliza nani anauhitaji. Siku ya tatu mlango ukagongwa. Mwanamume wa miaka hamsini hivi, tai shingoni, amekumbatia katoni kama mtu aliyebeba mtoto mgonjwa. Akajitambulisha kuwa ni Wagdi, daktari wa meno kutoka Tanta. Yeye na wenzake huzitafuta kaseti za kompyuta zile, huzinakili kabla ukungu haujazila, kisha huziweka mahali ambapo yeyote anaweza kuzichukua.

"Na meno ya watu umemwachia nani?" nikamuuliza.

"Meno yanasubiri, Hajja. Kaseti haisubiri."

Nikampenda papo hapo. Nikamwekea chai na fatiri yenye asali, mkate wetu wa siagi wa tabaka tabaka, nikamwonya kwamba asali inaharibu meno.

Akazichambua kaseti moja moja, akizipuliza vumbi, mpaka akafika kwenye moja akaisogeza karibu na macho. Ilikuwa na mwandiko wa Metwalli: Kikapu cha ghorofa ya nne.

"Hajja," akasema polepole, "huu mchezo nimeutafuta miaka tisa. Marehemu aliandika barua kwenye jarida moja la zamani, akaueleza. Hakuna mtu aliyewahi kuuona."

"Hata mimi sikuuona. Kompyuta ilikuwa kule, mimi nilikuwa hapa."

"Unajua unahusu nini?"

Najua sana. Aliutunga likizoni, amekaa kwenye roshani yetu na penseli, akinitazama nikiteremsha kikapu kwa kamba kwa muuza figili. Mchezo wenyewe ni huo: mwanamke yuko ghorofa ya nne, mkokoteni unapita chini, nawe unateremsha kikapu. Ukiwahi unapata figili, ukichelewa muuzaji ameshapinda kona. Aliuandika mistari yote kwa namba, kumi, ishirini, thelathini, kwenye kurasa za nyuma za daftari la hesabu la Abir. Kisha akapanda ndege akalisahau.

"Na daftari liko wapi?" Wagdi akauliza, macho yakimwaka.

"Nililiuza kwa kilo na madaftari mengine, kwa muuza mbegu za tikiti, akazifungia humo. Watu wa mtaa huu walikula mbegu kutoka kwenye mchezo wako wiki nzima."

Akafumba macho. Nikamsogezea fatiri.

Akatoa kwenye katoni mashine yake, kompyuta kama ile ya Metwalli, akaichomeka kwenye televisheni yangu na kinasa sauti kwenye mashine. Paka akaanza kulia, na mistari ikaanza kupanda kwenye kioo. Wagdi alikuwa anaihesabu kwa midomo. Mia moja. Mia mbili. Mia tatu na arobaini. Halafu ikakatika.

Akaitoa kaseti, akautazama utepe kwenye mwanga. Katikati ulikuwa umekunjamana kama soksi. Akausafisha kwa pamba na spiriti, akaunyoosha, akarudia mara nne. Pale pale. Mwisho wa programu nao ulikuwa hafifu, mashine haikuutambua.

"Basi," akasema. Alikuwa amevua tai. "Tuna nusu ya mchezo."

Kaseti ilikuwa bado inazunguka. Paka alinyamaza, kikapita kimya kidogo, Wagdi akanyoosha mkono kuizima. Ndipo mwanamke mmoja akasema ndani ya kinasa sauti, kwa haraka, kama anayegombana na mtu:

"Simiti iliyoumwa, simiti, nguzo ya taa, simiti, halafu moja, mbili, tano. Umeandika? Hujaandika, nakujua."

Nikaupiga ule mkono wake. "Acha."

Mwanamke huyo alikuwa mimi, wa miaka thelathini na tatu.

Ilikuwa hivi. Siku hizo hatukuandikiana barua. Mtu alijifungia chumbani na kaseti, akazungumza mpaka upande uishe, akampa jirani anayesafiri. Metwalli akishanisikiliza, alirekodi programu zake juu ya sauti yangu. Nikilalamika kwamba ananifuta, ananijibu, "Nakusikiliza kwanza." Sasa alipolisahau daftari hakutaka nilitume, maana mwalimu wa Abir alilikagua kila wiki. Akaleta kaseti: Tafida, nisomee. Amri za mchezo ziliandikwa kwa Kizungu, na mimi shule yangu ni ya msingi, herufi hizo sikufundishwa. Tukakubaliana nimsomee maumbo. Na mchezo ulikuwa mfupi, kilio chake dakika tano, lakini usomaji wangu ulijaza upande mzima. Alivyorekodi juu yangu alifuta mwanzo tu.

Wagdi alinisikiliza nikieleza, mdomo wazi. Nikayaona meno yake, yalikuwa mazuri.

"Simiti ni mkate ule wa duara," akasema. "Kwa hiyo ni O. Iliyoumwa ni G. Nguzo ya taa, T." Akacheka peke yake. "GOTO, amri ya kuruka kwenda mstari mwingine. Hajja, umeusoma mchezo mzima."

"Na kitana ni kile chenye meno matatu. Kitana kilichong'oka jino la chini ni mwenzake. Mwenye kifua na tumbo, mwenye kifua bila tumbo, na mwenye kifua anayepiga teke."

"Mama," Abir akasema kutoka jikoni, "kuna mgeni."

"Mgeni anaandika. Usimkatize."

Tukakaa mpaka adhuhuri. Ninasoma kule ndani, Wagdi anaandika huku nje, akisimamisha na kurudisha. Mara kuku wanapiga kelele. Mara Abir wa miaka tisa anasema anataka daftari lake. Mara mama mkwe wangu, Mungu amrehemu, anauliza kwa sauti ile ile ya kukwaruza:

"Unazungumza na nani humo?"

"Na mwanao."

"Mwambie blanketi alilotuma lina manyoya, linaniwasha."

"Anasikia, mama. Nguzo ya taa, kitana, fimbo."

Abir akaja akasimama mlangoni na sahani mkononi, akaisahau. Bibi yake alifariki mwaka wa themanini na tisa. Wagdi akatutazama, akairudisha kaseti hapo mara ya pili bila sisi kumwomba, akijifanya hakusikia vizuri ile fimbo.

Baadaye akakuna kichwa. "Huyu marehemu alipenda sana tano. Kila mstari unaishia tano."

"Yeye aliandika kiduara."

"Kiduara cha Kizungu ni sifuri, Hajja."

"Cha kwetu Waarabu ni tano tangu nizaliwe. Sifuri ni nukta. Mumeo akikwambia soma, unasoma unavyojua."

"Na tano ya kweli uliitaje?"

"Ndoano."

Akajipiga paji la uso. Mwarabu mzima, daktari, na hakuliona hilo. Akafuta ukurasa, akaanza upya, kila tano ikawa sifuri, kila ndoano ikawa tano, na mistari ikakaa sawa kama meno ya bandia.

Ndipo tukafika mstari wa mia nne na kumi. Nilijua unakuja. Nilikuwa nimeshaanza kukusanya vikombe ili niende jikoni.

"Hapa kuna maneno ya Kiarabu," sauti yangu ikasema, ghafla taratibu na tamu. "Umewahi. Tafida wa ghorofa ya nne anakushukuru."

Wagdi akaandika, akatabasamu. "Aliweka jina lako. Mwanamume huyo alikupenda."

Ningeweza kunyamaza. Kwa miaka yote ile nilinyamaza bila shida. Lakini alikuwa anaandika kwa uangalifu mno, kila nukta, kama anayeandika dawa, nikaona haya.

"Hakuweka jina langu," nikasema. "Kwenye daftari palikuwa na Safinaz."

Safinaz alikuwa mke wa mpiga picha, roshani yake inatazamana na yetu. Nywele za rangi ya chungwa, kikapu chenye utepe mwekundu. Alikuwa akikiteremsha taratibu, mtaa mzima ukisubiri. Herufi za Kizungu sikuzijua, lakini Kiarabu nakisoma, na jina lile nililisoma kwa macho yote mawili. Nikamtoa. Nikaingia mimi.

"Hivyo aliandika Safinaz," Wagdi akasema. Penseli ikabaki hewani. Akaligusa jina langu kwenye karatasi. "Basi lazima niandike Safinaz."

"Kwa nini lazima?"

"Kwa sababu kazi yetu ni kuhifadhi alichotunga mtunzi. Kama kila mtu akibadilisha jina analolichukia, hatuhifadhi, tunapaka rangi."

"Nyumbani kwangu, unakula fatiri yangu, unataka kumpandisha Safinaz kwenye televisheni yangu?"

"Ningependa kukufurahisha, Hajja. Lakini nikiwadanganya wenzangu hapa, wataniamini vipi kwingine?"

Hasira zikanipanda, na mbaya zaidi ni kwamba alikuwa sahihi. Nikamuuliza kama hakuna njia ya kujua Metwalli aliliachaje baada ya kusikia kaseti. Alilirudisha jina la Safinaz au aliliacha langu? Akasema njia ni moja: ule mstari wenyewe umo kwenye sehemu iliyokunjamana, umepotea, lakini mwisho wa programu haukukunjamana, ni hafifu tu. Huenda kuna kitu. Akaomba aende nayo Tanta wiki moja.

"Na nisipokupa?"

"Nitaondoka na nusu ya mchezo na njaa ya nusu ya pili."

Nikampa. Nikamfungashia na jibini.

Wiki ile sikulala vizuri. Mtu wa miaka sabini na mmoja, nimezika mume na wakwe na nusu ya mtaa, nalala namuwaza Safinaz, ambaye mwenyewe ameshazikwa Damieta. Nikaanza kukumbuka likizo ya themanini na nane. Metwalli aliporudi hakusema neno juu ya mchezo. Lakini kila nilipoteremsha kikapu alikuja roshani, akasimama nyuma yangu, akasema, "Taratibu, bado hajafika." Nilidhani ananielekeza figili.

Wagdi alirudi Alhamisi, bila tai. Hakugusa chai. Akachomeka mashine, akasema alitumia bisibisi ndogo kukizungusha kichwa cha kinasa sauti, unywele kwa unywele, jioni tano, mpaka kipande cha mwisho kikasikika. Mstari wa mia sita.

"Huu si wa mashine," akasema. "Mtunzi akiweka alama hii mwanzoni, mashine inauruka, haiusomi. Ni maneno kwa mtu atakayeufungua mchezo na kuutazama ndani. Soma mwenyewe, Hajja. Ni Kiarabu."

Nikavaa miwani. Yalikuwa maneno ya Metwalli, meupe juu ya buluu:

Mstari wa 410: msomaji wangu wa Mansura alimfukuza Safinaz akaingia mwenyewe, akadhani sitajua. Daftari niliandika mimi. Nimemwacha alipo. Atakayenakili baada yangu, Safinaz asirudishwe.

Nikausoma mara tatu. Abir alikuwa ananitazama usoni, nikamwambia aende akaangalie wali. Wali haukuwepo jikoni.

"Alijua," nikasema.

"Alijua," Wagdi akasema. "Na ni neno la mtunzi. Siwezi kulipinga." Akafuta jina la Safinaz, akaandika langu. Alibonyeza zile herufi kwa furaha nisiyoitarajia kwa mtu wa sheria kali namna ile.

Kwa nini alimweka Safinaz tangu mwanzo, hilo hakuliandikia mstari. Nitamuuliza tukionana.

Wagdi akauwasha mchezo. Jengo likatokea, madirisha ya mraba, nguo zimeanikwa, na ghorofa ya nne mwanamke mwenye kitambaa kichwani, vidoti sita tu lakini mnene kama nilivyokuwa. Akanionyesha kitufe cha kubonyeza. Mkokoteni ukaja. Nikabonyeza, kikapu kikashuka, kikafika chini mkokoteni ukiwa bado mbali.

Maandishi yakatokea: Taratibu, Tafida, bado hajafika.

"Hii imo kwenye nusu iliyokuwa salama. Nawe uliisoma kwenye kaseti?" Wagdi akauliza.

"Hapana," nikasema. "Hii hata daftarini haikuwepo."

Nikamwambia asogee kidogo, alikuwa amenizibia upande anakotokea muuza figili.