Umependeza Leo

Fundi cherehani yule alikuwa na jicho moja tu la maana. La kulia lilikwenda utotoni, likabaki la kushoto, na hilo ndilo lililomlisha yeye na mkewe miaka yote. Basi siku utando wa nyuma ya jicho hilo ulipobanduka, kama bitana inavyoachia koti, usiulize mkewe alilalaje.

Walimfanyia operesheni. Daktari wa macho, mama mmoja asiye na maneno mengi, aliurudisha utando mahali pake, akatia ndani ya jicho kiputo cha gesi cha kuugandamiza mpaka ushike. Akasema mgonjwa akae kifudifudi usiku na mchana, maana kiputo hupanda juu na utando uko nyuma.

"Na maumivu makali yakija, au ukungu ukizidi, msingoje. Njooni mbio."

"Kuinama tu?" Fundi akacheka. "Daktari, mimi nimeinama maisha yangu yote."

Thubutu! Kumbe kuinamia kitambaa ni kitu kimoja na kuinamia sakafu ni kingine. Alilala kwa tumbo, paji la uso kwenye mto, uso ukining'inia nje ya kitanda, mbele yake saruji tupu. Mkewe, ambaye mtaa mzima ulimwita Bosi kwa jinsi alivyowaendesha wateja, akaingiwa na huruma. Akatandika mkeka sakafuni, akalala chali chini ya uso wa mumewe.

"Haya, sasa una cha kutazama."

"Ah! Nimeletewa televisheni," Fundi akasema.

Utacheka, lakini watu hawa walikuwa hawajatazamana hivyo tangu ujana wao. Cherehani zao zilikaa ubavu kwa ubavu, zikielekea barabarani. Walitaniana, waligombana, walipanga maisha ya watoto, macho yote kwenye mshono. Sasa Bosi akaona haya kama msichana. Kila asubuhi alioga, akajipaka mafuta, akatia wanja, ndipo akajilaza mkekani.

"Umependeza leo," Fundi husema.

Na moyo wa Bosi ukawa mwepesi, mtu mzima na umri wake!

Asubuhi moja alimwona mumewe kimya, chai hataki, maneno hataki. Akaamua kumchekesha. Akakodoa macho, akavuta mashavu, akatoa ulimi wote nje.

"Umependeza leo," Fundi akasema.

Bosi akaurudisha ulimi polepole.

"Fundi, unaniona?"

"Si nimesema umependeza?"

"Nimevaa nini?"

Fundi akavuta hewa puani. Kisha akasema, "Nasikia harufu ya mafuta yako."

Bosi akajiinua, akalichungulia lile jicho kwa karibu. Kioo chake kimefanya ukungu, na weupe wote umekuwa mwekundu.

"Linauma?"

"Kidogo."

"Fundi!"

"Tangu jana linataka kunipasua kichwa. Mwanzoni nilikuwa nakuona ukisogea, kama kivuli. Sasa hata kivuli sina."

"Na ukakaa kimya!"

"Ulikuwa unajipamba, mama watoto. Ningekwambiaje kwamba unajipambia kipofu?"

Bosi akainuka mkekani. Alimvalisha shati vifungo upande, akamkokota hospitali kichwa chini, huku akifoka njia nzima. "Mwanamume mzima, unanidanganya kwa sifa! Nani alikuomba sifa? Mimi nilitaka jicho!"

Daktari akapima. Presha ya jicho ilikuwa imepanda vibaya; gesi ilitanuka kupita kiasi ikawa inausonga mshipa wa kuonea. Akatia dawa, akaipunguza gesi kwa sindano nyembamba, Fundi akiukamata mkono wa mkewe mpaka vidole vikafa ganzi.

"Utando bado umeshika," daktari akasema. "Lakini presha imeliumiza jicho. Litaona kiasi gani, siwezi kuwaahidi. Tungoje gesi iishe."

Wakangoja. Bosi alirudi kulala chini yake, ila wanja hakutia tena. Hakuwa na moyo huo, na machozi yangeufuta. Alimwuliza kila mara, na Fundi, aliyekwisha koma, alisema kweli tupu: linauma, haliumi, naona mwanga, sioni kitu. Gesi ikapungua, ikabaki povu dogo, hata povu nalo likaisha.

Ndipo Fundi akaketi kitandani, kichwa juu, Bosi amechuchumaa mbele yake. Fundi aliangalia dirisha kwanza. Nondo zake, akasema, zimepinda kama mshono wa mtu anayejifunza. Daktari alikwisha waambia kwamba hilo huenda likabaki.

"Na mimi?" Bosi akauliza. "Ukinidanganya tena, haki ya Mungu nakuacha."

Fundi akamtazama, akamtazama tena.

"Macho yamevimba kwa kulia," akasema. "Nywele hazijaona kitana wiki nzima. Na pua, mama watoto, pua imekwenda upande kabisa."

Bosi akaangua kilio, akacheka humohumo, akamkumbatia. Hajapata kusifiwa vile maisha yake yote.