Vilima vya Nyuma ya Bweni

Habari hii nilipewa na Salome mwenyewe, Jumamosi ya juzi, tukipeta ulezi kwake, kijijini Mwimbi. Alicheka hadi ungo ukamponyoka.

Mumewe Modesti alikuwa amepelekwa Uchina pamoja na Flavian, wiki tatu, wakajifunze kilimo katika wilaya moja ya milimani. Waliporudi, kikundi cha wakulima kikasema: toeni taarifa, kisha tuchague mwenyekiti kati yenu. Uenyekiti huo Modesti aliutaka sana. Ila kulikuwa na jambo moja la huko alilomficha hata mkewe, na Flavian alilijua.

Modesti akasimama mbele ya ofisi ya kijiji, koti amelifunga vifungo vyote. Wilaya ile ni milima mitupu, akasema. Mpunga wanaulima kwenye ngazi zilizochongwa mlimani, toka mtoni hadi kwenye mawingu. Wanaishi kwa chai, uyoga na mianzi. Na wageni wanakuja kwa mabasi kutazama maporomoko ya maji, tena kwa tiketi.

"Tiketi ya kuteka maji?" akauliza bibi Silvana.

"Ya kutazama, mama."

"Maporomoko yetu ya Kalambo mbuzi wanayatazama bure."

Watu wakacheka. Modesti akaona kura zinamjia, akataka kukaa.

"Ndugu yangu," akasema Flavian kwa sauti ya taratibu, "mbona hujatufikisha kwenye kile kilima cha nyuma ya bweni letu?"

Modesti akakohoa. "Kilikuwepo."

"Kina nini?"

Modesti akajua akinyamaza, mwenzake atasimulia kwa namna yake. Bora ajichome mwenyewe.

Alfajiri moja aliona vichuguu vya udongo vimejaa kilimani, vya mviringo kama ntumba, matuta yetu ya kulimia. Sisi Wafipa tunapindua udongo na nyasi zake, nyasi zioze ndani ziwe mbolea. Vile vya kule nyasi zilikuwa nje. Roho ikamuuma: maskini, hawa hawajafundishwa kupindua. Akaazima jembe jikoni, akavipindua viwili. Cha tatu kilikuwa na jiwe lenye maandishi, akadhani ni jina la mwenye shamba.

"Kumbe la nani?" akauliza Silvana.

"La marehemu, mama. Yalikuwa makaburi."

Hapo mkutano ulivunjika mbavu. Modesti akangoja watulie. Pale kilimani, akaendelea, alikuja bibi mmoja na fimbo, akasema kwa muda mrefu. Mkalimani akatafsiri kidogo tu, mengine akasema hayatafsiriki. Siku mbili, wenzake wakitembezwa, Modesti alikuwa pale na yule bibi, wakirudisha udongo na kupanda nyasi upya.

"Kwa hiyo maporomoko hukuyaona," akasema Silvana.

"Sikuyaona. Alinisimulia Flavian."

Silvana akamgeukia Flavian. "Na wewe, mwenzako yuko makaburini na jembe, hukwenda kumsaidia?"

"Tiketi ilikuwa imeshakatwa, bibi."

Kicheko kikakatika. Kwetu Mwimbi, kazi ya kaburi haiachiwi mtu mmoja; hata mgonjwa hujikongoja akasimama pembeni. Flavian alipata kura nne, na moja ni yake.

Jioni ile, baada ya ugali, Salome alijilaza akicheka, akanyamaza, akaanza tena.

"Mwenyekiti," akaita, "kesho usipite kwenye makaburi ya kanisani na jembe."

Modesti akajifanya amelala, na kwa kujifanya hivyo akalala kweli. Salome akabaki akitikisika ndani ya blanketi, hadi na yeye usingizi ukamchukua.