Mablanketi Matatu ya Kibosho

Mtu gani anamletea mtoto mchanga mablanketi ya sufu Dar es Salaam, mwezi wa pili, jua linawaka mpaka kuku wanahema? Severa, mama mkwe wa Clotilda, alishuka alfajiri kwenye basi la Kibosho na mablanketi matatu begani, na kabla hajanywa hata maji akaingia chumbani, akafunga dirisha.

Kibosho kuna baridi, Clotilda analijua hilo, maana kazaliwa huko huko. Kule mlimani Kilimanjaro mzazi anakaa ndani na moto, anakunywa mtori, ile supu nzito ya ndizi na nyama, na mtoto anaviringishwa mpaka ibaki pua. Lakini hapa ni Dar, mtaa wa Gerezani, chumba kimoja cha kupanga kwa Bi Zamzam, bati juu, na mtoto, Isidori, ana siku tisa tu duniani. Mkunga alisema waziwazi: mtoto alale chali, mahali pake mwenyewe, bila mto, bila nguo karibu na uso, na jiko la mkaa lisiingie chumbani hata siku moja. Clotilda akatafuta kasha la chai, akalisugua, akatandika kanga moja akaikaza vizuri. Basi.

"Mjukuu wangu analazwa kwenye sanduku kama viazi!" Severa alimaka.

"Mama, mkunga amesema..."

"Huyo mkunga amezaa wangapi?"

Clotilda akamtazama mumewe. Gaudens huyu, ambaye sokoni Kariakoo huita wateja mtaa wa tatu wakasikia, asubuhi hiyo sauti ilimwishia. "Mama ametulea sisi wote," akasema, akichukua kikapu kuwahi foleni ya sukari. "Usimvunjie heshima." Akaenda zake. Heshima! Mtu mzima anapewa heshima, na pumzi ya mtoto je, nani kaiulizia?

Saa nne Clotilda alikwenda kuoga bafu la uani. Aliporudi mlango ulikuwa umefungwa. Aliusukuma, joto likampiga usoni. Jiko la mkaa lilikuwa katikati ya chumba, sufuria ya mtori juu yake, dirisha limezibwa kwa gunia. Severa alikuwa amesinzia kwenye kigoda, kichwa kimeegemea ukuta. Juu ya kitanda, katikati ya mito miwili, palikuwa na rundo la mablanketi. Mtoto haonekani.

Alilifumua kwa mikono miwili. Isidori alikuwa mwekundu, amelowa chapachapa, mlegevu kama kitambaa, halii. Clotilda alitoka naye mbio akipiga kelele. Bi Zamzam aliacha mchele wake, akampokea, akamvua, akampepea kwa ungo huku akimsugua nyayo. Kimya. Akasugua tena. Hatimaye mtoto alipiga chafya, akalia, na Clotilda akampakata palepale uani, akampa ziwa.

Severa alitoka akiyumba, ameshika kichwa. "Ni jua la huku," alisema.

Gaudens alirudi adhuhuri na nusu kilo ya sukari. Alisikiliza yote, akamtazama mama yake, akakohoa. "Mama alitaka mema tu. Joto kidogo halimuui mtu."

Clotilda aliinuka. Alilibeba jiko kutoka uani, walikolitoa asubuhi, likiwa bado na moto, akalirudisha chumbani, akalirudisha na gunia dirishani.

"Ingia ulale," alimwambia mumewe. "Jifunike yote matatu."

Gaudens akacheka, akaingia. Bi Zamzam alisimama mlangoni akisikiliza. Clotilda hakuwa amemaliza kumenya ndizi ya nne pale mumewe alipotoka amejishikiza kwenye mwimo, shati limemganda mgongoni, akatema mate. Alikaa kwenye ngazi mpaka kizunguzungu kikapungua. Kisha akalitoa jiko mwenyewe, akalivuta gunia, akafungua dirisha.

"Mama, hayo mablanketi utarudi nayo," alisema taratibu. Akamgeukia mkewe. "Haya, mke wangu. Sasa nimekuamini."

Alidhani yamekwisha.

"Umekiamini kichwa chako kilipouma," Clotilda alisema. "Mimi nilisema tangu asubuhi, ukaniona sina heshima. Wewe ulipozidiwa ulisimama, ukafungua mlango, ukatoka. Mwanao wa siku tisa angeufunguaje, Gaudens?"

Gaudens aliingia ndani kuyakunja mablanketi. Aliyeanza kulia ni Severa, akilitazama jiko.