Kuanzia Viatu

Modesta alikuwa na ugonjwa mmoja tu, wa kutazama watu. Miaka kumi na moja aliuza peasi kwenye stendi ya Lushoto, na kila mgeni aliyepita mbele ya beseni lake alimsoma kuanzia viatu kwenda juu. Viatu vya udongo mwekundu, huyo katoka Mgwashi na kabichi zake. Viatu vilivyopigwa kiwi hadi kisigino, huyo mwalimu. Macho hayana pazia, alijitetea, na wala hamsemi mtu.

Kusema kulishamtokea puani. Mwaka jana alimpigia kelele za mwizi mwanamume aliyebeba pochi ya kike, kumbe ni mwinjilisti mpya wa usharika wake mwenyewe, anamshikia mkewe. Kanisa zima lilicheka, na stendi ikampa jina: Mama Mwizi. Tangu hapo aliapa kwamba macho yatazame, ila mdomo ule ugali tu.

Alhamisi hiyo ya soko, saa tatu asubuhi, alimwona msichana wa miaka kama kumi na mmoja amesimama peke yake. Ndala zake zilijaa tope, moja imefungwa kwa waya, na mfuko wa rambo kaukumbatia kifuani. Mwanamume mmoja alitoka kwenye mgahawa akamwendea. Raba zake zilikuwa nyeupe pe, na usiku kucha mvua ilikuwa imenyesha.

Msichana alipiga goti kidogo. "Shikamoo."

"Marahaba," alijibu yule bwana, macho kwenye simu. Kisha akamshika, si kiganja, bali kifundo cha mkono.

Wakaja hadi kwa Hamza, konda wa basi la Tanga, aliyekuwa akiandika tiketi hatua mbili kutoka kwenye beseni.

"Wawili, mdogo wangu. Mimi na binti yangu."

"Mnatoka mbali?"

"Mgwashi. Tumetoka nyumbani pamoja alfajiri, mtoto hata chai hajanywa."

"Majina?"

"Dula Kibwana. Mtoto andika Angel."

Peasi ilimponyoka Modesta mkononi. Katika milima hii mtoto humwamkia baba yake akifumbua macho tu, tena mara moja kwa siku, na akisahau atakumbushwa kwa kofi. Mtoto aliyetoka nyumbani na baba yake alfajiri, shikamoo ya saa tatu anampa ya nini? Hawa wawili walikuwa wameonana sasa hivi.

Alitaka kusema. Je, akikosea tena? Akicheka Hamza, ikicheka stendi nzima? Na yule bwana alikuwa na mikono mipana. Wawili hao wakapanda, na basi likaanza kunguruma. Msichana alikuwa amekaa dirishani, na Tanga ni mbali, na baada ya Tanga kuna mbali zaidi.

Alijikuta amesimama chini ya dirisha.

"Mwanangu, unaitwa nani?"

"Mama, hatununui," alisema yule bwana.

"Namuuliza mtoto."

Msichana alimtazama kwanza yule bwana. "Yudith," alisema kwa sauti ndogo. "Yudith Nathanaeli."

"Hamza, soma tiketi yako."

Hamza aliisoma, akainua kichwa. Ndani ya basi mtu akaangua kicheko. "Mama Mwizi kaanza tena!"

"Angel ni jina la nyumbani," alisema yule bwana akitabasamu.

Modesta hakuondoka dirishani. "Na kama mmetoka wote alfajiri, mbona amekuamkia hapa stendi sasa hivi? Kwenu mtoto huamkia mara ngapi?"

Kicheko kilikatika. Bibi mmoja wa kiti cha nyuma akasema, "Ehee." Yule bwana aliinuka polepole. Alisema mtandao humo ndani ni mbovu, anashuka ampigie mama wa mtoto awaeleze. Alishuka na simu sikioni, akapita kati ya magunia ya karoti, na hakurudi.

Hamza alimshusha Yudith, akakimbilia polisi. Msichana akakaa nyuma ya beseni, akaeleza kwa vipande: jirani yao alimwambia baba yake kwamba Tanga kuna shule ya bure. Jirani huyohuyo alimleta leo, akamwacha stendi, akamwambia amsubiri mjomba mwenye viatu vyeupe.

Modesta alimpa peasi. Yudith aliipokea kwa mikono miwili. Raha ilianza kumwingia Modesta, akainua macho kwa mazoea tu, atazame wapita njia.

Ng'ambo ya barabara, kwenye kibaraza cha duka, aliona raba nyeupe. Hamza alikuwa bado hajarudi na polisi, na yule bwana alikuwa amekaa juu ya kreti la soda, wala hakujificha. Alikuwa akizitazama ndala za Modesta. Kisha macho yakapanda kwenye kanga, yakapita kwenye beseni, yakafika usoni, yakatulia hapo bila haraka.

Modesta alitaka kupiga kelele za mwizi. Safari hii angekuwa na haki. Badala yake alimshika Yudith kiganja, akakibana. Beseni lake lilikuwa palepale lilipokaa miaka kumi na moja, na kesho hakuwa na mahali pengine pa kuuzia peasi.