Ndege Hizi, Ndege Hawa

Siku ya kujitambulisha kwa wakwe, Makofi alikwenda akiwa amejiandaa. Maneno alikuwa ameyarudia mbele ya kioo mpaka kioo kikachoka: "Mzee, kazi yangu ni kufukuza ndege pale uwanjani." Basi. Maneno mafupi, ya kweli, hayana aibu. Ndege wa baharini wakiingia kwenye injini ni balaa, kwa hiyo uwanja ukaajiri mtu wa kuwakimbiza. Mtu mwenyewe ndiye yeye: ovaroli ya rangi ya chungwa, baiskeli, redio kiunoni, na vibao viwili anavyovigonganisha pa! pa! pa! Hivyo vibao ndivyo vilivyompa jina.

Lakini baba mkwe alikuwa kinyozi, na kinyozi amezoea kuongea na watu wasioweza kutikisa kichwa.

"Enhe, kijana. Kazi?"

"Nashughulika na ndege, mzee. Pale uwan—"

"Ndege!" Kinyozi akaruka kitini, chai ikamwagikia suruali, wala hakujali. "Dada! Dada, njoo usikie! Mkwe wetu rubani!"

Makofi akafungua kinywa aseme siyo. Shangazi wa binti, ambaye hajawahi kuona kinywa kikiwa wazi asikijaze, akakitia kipande cha mkate. "Kula, baba. Huko juu mnashinda na njaa."

"Na hilo jina?" akauliza Kinyozi. "Kwa nini Makofi?"

Makofi akatafuna haraka. "Ni kwa sababu ya vi—"

"Usiniambie! Akitua, abiria wanapiga makofi!"

Maji yakamwagika pale pale, na chai pia.

Kiswahili nacho kilimsaliti na kumsitiri kwa wakati mmoja. Mwenye manyoya ni ndege, na ya chuma nayo ni ndege. Wanaachana tu pale unaposema huyu au hii, wengi au nyingi. Basi Makofi akaanza kuishi kama mtu anayetembea juu ya mayai. Kila akienda ukweni anaulizwa habari za kazi, na kila jibu analichungulia kwanza kabla ya kulitoa.

"Leo ndege zilikuwa ngapi, mwanangu?"

"Tele, baba."

"Na jana?"

"Kibao."

"Na juzi?"

"Juzi ilikuwa mpaka basi."

Binti mwenyewe, fundi cherehani mwenye ulimi mkali kuliko mkasi wake, alikuwa akisikiliza pembeni huku ameuma kitambaa ili asicheke. Yeye alijua kila kitu. Walikutana siku Makofi alipomletea ovaroli iliyochanika kwenye uzio akimkimbiza korongo mkaidi. Mambo ya urubani aliyacheka wiki tatu. Wiki ya nne aliacha kucheka.

"Sikiliza wewe," alimwambia mlangoni. "Gauni langu la harusi nimeshalikata. Liko mezani vipande vipande. Siku utakayomwambia baba ukweli kwa kinywa chako, naliunganisha."

"Na nikichelewa, akaambiwa na mtu mwingine?"

"Natengeneza foronya."

"Foronya?"

"Nne. Nzuri kabisa. Za hariri."

Makofi alirudi nyumbani akawa haupendi mto wake.

Alikuwa bado anatafuta siku njema, Jumamosi ikamkuta. Saa ya mchana redio ilikuwa imetulia, naye amekaa kwenye kivuli cha gari la zimamoto anafunga mnyororo wa baiskeli, akasikia sauti anayoijua ikitoka nje ya uzio.

"Mkwe! Rubani! Tumekuja!"

Ule uwanja unaishia baharini. Barabara ya ndege ikikoma, kuna majani kidogo, kuna uzio wa waya, kisha mchanga, kisha maji. Hakuna kingine. Ndege zikija kutua zinapita juu ya vichwa vya waogeleaji, chini kiasi kwamba unaweza kuona tairi ipi imelika. Watu hutoka mbali kuja kusimama pale wapulizwe. Kuna kibao kimeandikwa HATARI, USISHIKE UZIO, na picha ya mtu anayepeperuka kama karatasi, na watu hukiegemea hicho kibao wakipiga picha.

Sasa pale kwenye kibao alisimama Kinyozi, kavaa suti, nywele zake nyeusi zinang'aa kama kiatu kipya. Pembeni yake wateja wake watatu, mmoja kanyolewa upande mmoja tu kwa sababu safari ilimkuta kitini. Nyuma yao binti, mikono kiunoni. Na ukingoni mwa maji, Shangazi na mfuko wa mkate, anawarushia ndege.

Ndege walikuwa wamejaa kama wamealikwa.

Redio ikakohoa, mnara wa kuongozea ndege ukaita. "Makofi, Makofi. Ndege wengi ncha ya baharini. Kuna ndege inakuja. Wafukuze haraka."

Makofi akapanda baiskeli. Akifika pale na vibao vyake mbele ya mkwe, siri imekwisha, foronya nne. Asipofika, huko juu kuna watu wamefunga mikanda na hawana habari na mambo ya posa. Akakanyaga pedali.

"Mnamwona?" Kinyozi aliwaambia wateja. "Anakagua barabara kabla ya kuruka. Kama dereva anavyopiga tairi teke."

"Kwa baiskeli?" akauliza aliyenyolewa nusu.

"Wewe ulitaka aikague kwa ndege?"

"Shangazi!" Makofi akapiga kelele. "Acha mkate! Acha mkate, nakuomba!"

"Utapata na wewe, baba, usijali! Upo mwingi!"

Hakukuwa na namna. Akatoa vibao. Pa! Pa! Pa!

Kinyozi akaangalia vile vibao, akaangalia wateja, akakunjua uso wote. "Mnasubiri nini? Mtu anatupigia makofi na nyie mmesimama? Mjibuni!"

Wateja watatu wakapiga makofi. Waliokuja kupiga picha nao wakapiga makofi, maana mtu hapendi kubaki nyuma. Pwani nzima ikashangilia, na ndege wote, mpaka wale wazee wabishi wanaomjua Makofi kwa sura, wakainuka kwa mshituko wakaenda zao. Haijawahi kutokea kazi ikafanyika vizuri vile.

Makofi akaona hapo hapo ndipo. Akashika waya wa uzio, jasho linamtiririka, akasema kwa sauti yote aliyozaliwa nayo: "Baba! Mimi si rubani! Mimi nafukuza ndege!"

Ila ndege nayo ilikuwa imefika. Ilikuwa ndogo, ya injini mbili, lakini ina mdomo mpana. Ikapita na kelele zake zote, na maneno ya Makofi ikayabeba mpaka huko inakoegeshwa.

Kinyozi aliweka mkono sikioni, akatabasamu. "Na sisi pia tunakupenda, mwanangu!"

Makofi akamtazama binti. Binti aliona midomo yake vizuri sana. Akatikisa kichwa polepole, akachora hewani kwa kidole umbo la mto.

"Nimesema!" Makofi akalalamika.

"Hujasikika!"

Kabla hajavuta pumzi ya pili, bahari ikaanza kunguruma. Hii sasa ndiyo ilikuwa ndege yenyewe, ile kubwa watu wanayoisubiri. Ilitokea mbali ikiwa kama nzi, mara ikawa kama nyumba, mara ikawa kama mtaa. Kivuli chake kikakimbia juu ya maji.

"Rudini nyuma!" Makofi alipiga kelele. "Ondokeni kwenye uzio!"

Wateja walilala kifudifudi, wamefumba macho. Shangazi alijifunika khanga. Binti akageuka. Kinyozi peke yake alisimama wima katikati ya mchanga, kidevu juu, kwa sababu baba mkwe wa rubani hawezi kuonekana akiogopa ndege.

Tumbo la ndege likapita, jeupe, refu, halina mwisho. Kisha ukaja ule upepo unaofuata nyuma, ambao hauendi moja kwa moja bali unajinyonga kama maji kwenye shimo la bomba. Ulimzunguka Kinyozi mara moja, kwa heshima, kama fundi anayechukua kipimo. Halafu ukamvua nywele.

Zote. Kwa mpigo. Zilipanda juu, zikajigeuza, zikaruka uzio, zikaondoka.

Pale mchangani kikabaki kichwa kitupu, laini kama yai, kinameremeta. Kinyozi wa watu! Aliyekuwa akiwaambia wateja, "Mafuta ninayokupaka ndiyo haya ninayopaka mimi!" Nyumbani kwake kila mtu aliijua habari ya wigi, ila hakuna aliyejua kwamba mwenzake anajua.

Makofi ndiye pekee aliyekuwa anatazama. Macho yao yakakutana kupitia waya. Wateja walianza kukohoa na kupangusa macho. Kinyozi akanyakua mfuko wa mkate wa dada yake, akamwaga mkate, akauvaa kichwani mpaka masikioni.

"Jua," aliwaambia wateja. "Jua kali leo."

Redio ikakohoa tena. "Makofi. Kuna ndege katikati ya barabara. Mmoja. Mweusi."

Makofi akafumba macho. "Namwona."

"Hatembei. Kuna ndege inataka kuruka, inamsubiri. Mtoe."

Akaenda. Mwisho wa barabara ndege imesimama na abiria wake, madirisha yote yana nyuso, na mbele yao mtu wa ovaroli ya chungwa ananyemelea wigi. Akiinama, upepo unalisogeza. Akisimama, linatulia. Akaruka nalo likaruka.

"Makofi," redio ikasema, "huyo ndege ana mbawa?"

"Sioni."

"Ana kichwa?"

"Kichwa... kipo, ila hakipo hapa."

"Umesemaje?"

"Nimesema anasumbua!"

Akalirukia kwa tumbo kama kipa. Akalipata. Akalisukuma ndani ya ovaroli, kifuani, likamtekenya.

"Ameondoka," akasema kwenye redio, anahema.

"Alikuwa ndege gani?"

Makofi alitazama kule mbali, kwenye mfuko wa mkate uliosimama peke yake mchangani. "Hakutambulika."

Ile ndege iliyokuwa inasubiri ikaenda zake, ikawapulizia mchanga wote uliobaki. Wateja wakakimbilia majini kuosha macho, Shangazi akawafuata na khanga yake kuwapangusa. Kukaja ule ukimya unaokuja nyuma ya ndege, ambao mtu anasikia mpaka mate yake yakishuka.

Makofi akasimama upande wake wa uzio, Kinyozi upande wake. Binti alikuwa hatua chache pembeni, anajifanya anatafuta kombe la pwani.

Shetani akamnong'oneza Makofi: shika hilo wigi kwanza. Sema yako ukiwa umelishika, uone kama mzee atafoka. Makofi akaligusa kifuani. Kisha akaona jicho la binti, lile linaloona ushonaji mbaya kutoka mlango wa mbali. Akalitoa, akalipitisha kwenye tundu la waya.

Kinyozi alilipokea chini chini, akageuka, akachakura ndani ya mfuko. Alipogeuka tena nywele zilikuwa zimerudi, ila mbele imekwenda nyuma.

"Baba," Makofi akasema. Moyo unampiga vibao. "Ndege ninaoshughulika nao mimi ni hawa." Akaonyesha wale waliokuwa wakirudi mmoja mmoja kwenye mkate uliomwagwa. "Si hizi." Akaonyesha angani.

Kinyozi akatazama chini. Akatazama juu.

"Hawa?"

"Hawa, baba."

"Wenye mbawa?"

"Mbawa hata hizo zinazo, baba. Hawa wana manyoya."

Kinyozi akashika nywele zake. "Manyoya tuyaache." Shingo ilimvimba, na Makofi akaanza kuziona zile foronya, kingo zake na vifungo vyake. "Miezi yote hii! Nimewaambia wateja! Nimemwambia mpaka mtu wa kodi! Tele, kibao, mpaka basi! Kumbe wewe unakimbizana na kunguru!"

"Kunguru hawasumbui sana, baba. Wabaya ni—"

"Nyamaza!" Akapumua kwa nguvu. "Na huyu wa leo? Huyu mweusi. Umewaambiaje huko mnarani?"

"Nimewaambia ameondoka."

"Hawakuuliza ni wa aina gani?"

"Waliuliza. Nimesema hakutambulika."

Kinyozi alimkazia macho. Kitu kikaanza kumtetemesha tumbo, kikapanda kifuani, kikamtoka puani. "Hakutambulika," akasema. "Na nilimnunua kwa hela nyingi kweli." Akacheka mpaka akashika uzio, kibao cha HATARI kikimtazama.

Wateja walirudi, maji yanawachuruzika. "Haya, mzee," akasema aliyenyolewa nusu, "mkwe wako anarusha ndege saa ngapi? Au kazi yake ni kukimbiza takataka kwa baiskeli?"

"Nani kasema anarusha?"

"Wewe!"

"Mimi nilisema anashughulika na ndege. Anawafukuza hawa ili hizi zipite. Nyie mmesikia rubani. Nyie shuleni ngeli mlifundishwa na nani?"

Wateja wakatazamana. Kila mmoja alikumbuka vizuri sana neno rubani, lakini wembe wa kumalizia nywele za mwenzao ulikuwa mfukoni mwa mzee. "Labda tulisikia vibaya," wakasema.

Binti akasogea kwenye waya. "Umesema?"

"Nimesema. Hata wewe umesikia."

"Nilikuwa natafuta kombe. Umesema kwa ngeli gani?"

"A-WA."

Binti akainama kuficha uso wake. "Haya. Kesho nawasha cherehani. Na wewe mwambie baba ageuze nywele, mimi siwezi."

Makofi alikuwa bado anafikiria jinsi ya kumwambia, redio ikakohoa kiunoni. "Makofi, Makofi. Ncha ya baharini. Ndege."

Kule mchangani Shangazi alikuwa amepata mkate mwingine, haijulikani wapi. Kinyozi akaweka mikono mdomoni, akapaza sauti kupitia uzio, na wateja wote watatu wakamsaidia:

"Huyu au hii?"